Nyumba za Mwezini Zilizobaki Kwenye Karatasi

Januari 1499, kaskazi ikivuma, meli tatu za Wareno zilitia nanga kwenye mafungu yaliyo mkabala na Mtangata, mji ambao magofu yake leo tunayaita Tongoni, kusini kidogo mwa Tanga. Vasco da Gama alikuwa anarudi kutoka India, na bahari ilikuwa imemmalizia watu. Kiseyeye kilivimbisha fizi za mabaharia, kikawalegeza miguu, kikawaua mmoja baada ya mwingine, hata waliosalia hawakutosha kuendesha meli tatu. Ikabidi moja iachwe. Ikaachwa São Rafael, ambayo Aprili ya mwaka uliotangulia ilikuwa imekwama kwenye mafungu yale yale walipokuwa wakielekea Mombasa. Shehena yake ikahamishiwa kwenye meli mbili zilizobaki, kisha ikatiwa moto.

Kumbukumbu za safari ile, zilizoandikwa na mmoja wa waliokuwamo, zinasema kwamba walikaa pale kama wiki mbili, na watu wa mjini wakawa wanawaletea kuku wengi na kubadilishana nao kwa mashati na bangili. Vitabu vingi hulipita jambo hilo haraka. Mimi naona ndilo kiini cha kisa. Watu waliofika pwani ya mbali wakiwa wagonjwa na wachache, huku meli yao moja ikiteketea mbele ya macho yao, waliweza kupumzika, kula na kuondoka kwa sababu ufukoni palikuwa na mji. Mgeni alimkuta mwenyeji.

Mwezini hakuna mwenyeji. Hakuna kuku wa kununua, hakuna kisima, na hata pumzi yenyewe ni lazima uje nayo. Ndiyo maana wale waliokaa miaka ya 1950 na 1960 wakifikiria jinsi ya kumpeleka binadamu kule walikutana na swali analolijua kila nahodha: watu wakishashuka watalala wapi, watakula nini, na chombo kikiharibika watakimbilia wapi? Majibu yalichorwa kwa umakini mkubwa, kwa hesabu za uzito hadi kilo ya mwisho. Karibu yote hayakujengwa. Safari za mwezini tumezoea kusimuliwa kama habari za kufika. Zipo pia habari za kukaa, na hizo zimebaki kwenye makabati ya michoro.

Mpango wa kwanza uliokwenda mbali katika hesabu ulitoka jeshini. Juni 1959 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikamilisha ripoti iliyoitwa Horizon. Aliyeisimamia ni Heinz-Hermann Koelle, katika taasisi iliyoongozwa kiufundi na Wernher von Braun, mhandisi Mjerumani ambaye roketi zake za V-2 wakati wa vita zilijengwa na wafungwa waliokufa kwa maelfu kwenye mahandaki ya Mittelbau-Dora. Ripoti ilitaka wanajeshi 12 wawe wanaishi mwezini ifikapo Novemba 1966. Nyumba zao zingekuwa matangi ya metali yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, yaliyolazwa ndani ya handaki na kufukiwa kwa udongo wa mwezi. Umeme ungetoka kwenye mitambo ya nyuklia. Ili kufikisha vitu vyote hivyo, roketi 149 zingerushwa hadi Novemba 1966, na mpango wote ungegharimu dola bilioni 6 za wakati ule.

Leo tarakimu hizo zinatushangaza, na nia ya kijeshi iliyokuwa nyuma yake inatisha. Hata hivyo wazo la kufukia nyumba lilikuwa sahihi. Mwezi hauna anga la kuukinga. Mchana wake, unaodumu karibu wiki mbili za kwetu, joto hupanda kupita nyuzi 100, na usiku wake wa urefu huo huo baridi hushuka chini ya nyuzi 100 za hasi. Vijiwe vidogo kuliko punje ya mchanga hupiga ardhi kwa kasi ya risasi mara nyingi. Jua likichafuka, linarusha mionzi inayopenya ngozi na mifupa. Mita chache za udongo juu ya paa zinatibu karibu maradhi hayo yote kwa mpigo mmoja, na udongo hauhitaji kubebwa kutoka duniani. Wahandisi wa Horizon waliliona hilo kabla hata binadamu hajapanda kwenye obiti, na kila aliyechora nyumba ya mwezini baada yao amelirudia.

Pwani yetu haikuwa mbali na mambo haya kama inavyodhaniwa. Oktoba 1960 Uingereza, iliyokuwa mlinzi wa Zanzibar, ilikubaliana na Marekani kujenga Unguja kituo cha kufuatilia vyombo vya mradi wa Mercury, safari za kwanza za Wamarekani kwenda angani. Mitambo ikasimamishwa huko Tunguu. Kituo hicho kilikuwa kimojawapo katika mnyororo ulioizunguka dunia, kikipokezana na Kano, Nigeria, kwa upande wa magharibi, na meli iliyowekwa Bahari ya Hindi kwa upande wa mashariki. Wakazi wengi hawakukipenda. Wanachama wa chama cha siasa cha Hizbu walikipinga hadharani wakisema kisiwa kinaingizwa kwenye ugomvi wa mataifa makubwa, na kwamba vita vikizuka ni Zanzibar itakayopigwa. Naielewa hofu yao: hawakuulizwa, na mwaka 1960 hapakuwa na mtu wa kuwahakikishia kwamba antena ni antena tu.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipita juu ya vichwa vyetu ndani ya Friendship 7, katika safari ya mizunguko mitatu iliyochukua saa 4 na dakika 55. Katika mzunguko wa kwanza, alipokuwa akiwasiliana na Zanzibar, alivuta kamba ya mpira kama zoezi ili daktari aliyekuwa kituoni apime jinsi moyo wake unavyofanya kazi mtu akiwa hana uzito. Wakati huo hakuna aliyejua mwili wa binadamu utastahimili vipi kukaa angani kwa siku nyingi. Kipimo kile cha dakika chache, kilichosomwa Unguja, kilikuwa tofali la kwanza la swali lote la kukaa. Yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Wafanyakazi wa kituo waliondolewa kwa manowari ya Marekani, Manley, na katika mwaka huo huo serikali ya Rais Karume ikataka kituo kifungwe. Kazi yake ikahamia Antananarivo, Madagaska.

Kufikia hapo kazi ya kutengeneza chombo cha kutua mwezini ilikwisha pata mwenyewe. Novemba 1962 ilipewa kampuni ya Grumman ya Bethpage, Long Island, jimbo la New York, na wahandisi wake wakaongozwa na Thomas Kelly. Kilichotoka Bethpage kilikuwa na sehemu mbili: ya chini yenye miguu minne na injini ya kushukia, na ya juu yenye chumba cha watu wawili na injini ya kupandia. Kila kilo ilipiganiwa. Viti viliondolewa, wanaanga wakawa wanaendesha wakiwa wamesimama. Madirisha yalipunguzwa. Ukuta wa chumba, mahali pengine, haukufika hata nusu milimita. Nafasi ya mtu kujigeuza ndani yake ilikuwa mita za ujazo 4 na nusu kwa watu wawili, pamoja na mavazi yao mazito, mawe waliyookota na vumbi waliloingia nalo.

Vipi mtu alilala humo? Julai 1969, baada ya matembezi ya Apollo 11, Buzz Aldrin alijikunja sakafuni. Neil Armstrong alijiegemeza juu ya kifuniko cha injini ya kupandia, miguu akaitundika kwenye kitanzi alichojifungia mwenyewe. Baridi iliingia, pampu zililia usiku kucha, na mwanga wa Dunia ukapenya kupitia darubini ya usukani ukamwangukia Armstrong usoni. Hawakupata usingizi wa maana. Walikaa mwezini saa 21 na nusu, wakaondoka. Waliofuata, Apollo 12, walipelekewa machela za kuning'iniza, na hiyo ikahesabika kuwa maendeleo makubwa.

Kelly na wenzake walijua udhaifu huo tangu mapema. Tangu mwaka 1964, miaka mitano kabla ya Armstrong, Grumman na NASA walikuwa wakichora safari za baada ya zile za kwanza. George Mueller, mkuu wa safari za watu pale NASA, alitaka mitambo ya Apollo iliyokwisha lipiwa itumike tena badala ya kubuni vipya. Hapo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo kwangu ni zuri kuliko yote ya zama zile: chombo cha kutua kigeuzwe nyumba.

Waliangalia sehemu ya juu wakajiuliza: kama hakuna mtu atakayerudi ndani yake, injini ya kupandia ni ya nini? Iondolewe. Matangi yake ya mafuta yaondolewe. Mahali pake pawekwe oksijeni, maji, chakula, betri au mitambo mingine ya umeme, vifaa vya utafiti na gari dogo la kutembelea. Kitu hicho kingepelekwa na roketi ya Saturn V hadi kwenye obiti ya mwezi, kingeachiwa, na kingejitua chenyewe bila mtu. Kisha kingekaa pale, kimezima karibu kila kitu, kwa muda wa hadi miezi mitatu kikingoja. Saturn V ya pili ingefuata na watu, safari hii wakiwa na chombo cha kutua kilichorekebishwa, ambacho wahandisi walikiita teksi. Wawili wangetua karibu na nyumba, wangeizima teksi, wangetembea hadi nyumbani kwao na kuishi humo siku 14. Zikiisha, wangerudi kwenye teksi, wangeiamsha na kupaa.

Tafakari maana yake. Kwa mara ya kwanza mgeni angetanguliwa na nyumba. Wanaanga wangetua mahali ambapo maji, hewa na kitanda vimeshafika, vimejaribiwa kwa redio kutoka duniani na kuthibitishwa kwamba vinafanya kazi kabla wao hawajaondoka Florida. Kama nyumba isingeitika, safari isingefanyika na hakuna ambaye angekufa. Hata hesabu ya siku 14 haikuwa ya kubahatisha: ni urefu wa mchana mmoja wa mwezini. Wangefika jua linachomoza na kuondoka kabla halijazama, wasiingie kwenye ule usiku wa baridi kali ambao betri zao zisingeuweza.

Grumman haikuwa peke yake. Goodyear, kampuni ile ile ya matairi, ilibuni na hata kushona kwa majaribio hema la kujazwa hewa ambalo lingeunganishwa na chombo cha kutua ili watu wapate nafasi ya kujinyoosha na siku kadhaa za ziada. Boeing ilichora makazi makubwa zaidi, ya kuanzia watu wachache na kuongezeka kadiri mizigo ilivyofika, na pamoja na Bendix ikatengeneza michoro ya gari lenye chumba kilichofungwa hewa, ambamo watu wawili wangeendesha, kula na kulala bila kuvaa mavazi ya anga. Michoro ya namna hii ilijaa mezani kati ya 1963 na 1967.

Palikuwa na shida moja ambayo wahandisi hawakuweza kuikwepa, nayo ni teksi yenyewe. Kemikali zilizotumika kama mafuta ya injini ya kupandia ni kali mno, zinakula vali na viungo. Katika safari fupi hilo halikuwa tatizo. Lakini teksi ingekaa wiki mbili juani, imezimwa, halafu itakiwe kuwaka mara ya kwanza bila kukosea. Isipowaka? Nyumba ingewapa watu siku chache za kupumua zaidi, basi. Hapakuwa na chombo kingine cha kwenda kuwachukua.

Ndipo kampuni ya North American Rockwell ikachora, kufikia mwaka 1970, kitu ambacho nikikitazama natetemeka. Kilikuwa fremu tupu: injini, matangi, viti viwili, usukani. Hakikuwa na chumba, ukuta wala dirisha. Wanaanga waliokwama wangekifungua, wangekijaza mafuta kutoka kwenye matangi ya teksi iliyogoma kuwaka, wangekaa juu yake wakiwa na mavazi yao ya anga tu, na kujirusha hadi kwenye obiti wakiendesha kwa macho, wakiusoma upeo wa mwezi. Walikuwa na hewa ya saa nne mgongoni. Katika saa hizo nne mwenzao aliyebaki kwenye chombo kikuu alipaswa kuwatafuta na kuwadaka. Hesabu zilionyesha kuwa inawezekana. Ninaamini wapo wanaanga ambao wangekipanda bila kusita, kwa sababu jambo la pili lilikuwa kufa wakiwa wamekaa.

Upande wa pili wa dunia, Wasovieti nao walikuwa na swali hilo hilo. Chombo chao cha kutua, LK, kilibeba mtu mmoja tu. Walipanga LK ya akiba itangulie, na gari la Lunokhod lisilo na dereva liwepo kukagua mahali pa kutua. Chombo cha mwanaanga kikiharibika, gari lingemsaidia kufika kwenye ile ya akiba. Vladimir Barmin, aliyejenga viwanja vya kurushia roketi vya nchi yake, aliongoza usanifu wa mji mzima wa mwezini, wenye moduli tisa za makazi zinazoweza kuunganishwa na kuvutwa kama treni. Wafanyakazi wenzake waliuita Barmingrad. Lakini roketi kubwa ya N1 iliyotakiwa kubeba haya ililipuka au kuanguka mara zote nne ilizorushwa, kati ya Februari 1969 na Novemba 1972, na mwaka 1974 mradi ukasimamishwa. LK iliruka mara tatu kuzunguka Dunia bila mtu. Lunokhod 1 ilitua mwezini Novemba 1970 ikafanya kazi kwa miezi mingi. Mwanaanga ambaye ingemsindikiza hakuja.

Kwa Wamarekani roketi ilifanya kazi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Saturn V haikuwahi kuangusha kikosi cha wanaanga. Bethpage ilijua kujenga. Kilichokufa ni fedha. Januari 1967 moto uliwaua wanaanga watatu, Grissom, White na Chaffee, wakiwa kwenye majaribio ardhini, na imani ya wabunge ikatikisika. Vita vya Vietnam vilikuwa vinameza mabilioni, miji ya Marekani ilikuwa inaungua kwa ghasia za ubaguzi, na Kongresi ilipofika kwenye safari za baada ya Apollo ikakata. Agosti 1968, kabla mtu yeyote hajafika hata karibu na mwezi, mkuu wa NASA James Webb alisimamisha utengenezaji wa Saturn V zaidi ya zile 15 zilizokwisha agizwa. Uamuzi huo ndio uliozika nyumba ya Grumman, maana kila ziara ya siku 14 ilihitaji roketi mbili. Mwaka 1970 zikafutwa pia safari tatu za Apollo zilizokuwa bado kwenye ratiba.

Siwezi kusema kwamba wabunge wale walikuwa wajinga. Nchi yenye vitongoji vinavyoungua ina haki ya kuuliza fedha zinakwenda wapi, na sisi tunaoishi na hospitali zisizo na dawa tunalielewa swali hilo. Ninalosema ni kwamba walilipia sehemu ya gharama kubwa, yaani njia, wakaacha sehemu ndogo ambayo ingeipa njia hiyo maana.

Mabaki ya mawazo yale yapo, ukijua pa kuyatazama. Apollo 15, 16 na 17 zilitumia chombo cha kutua kilichoongezewa maji, oksijeni na betri, pamoja na gari la umeme la wazi ambalo ni mtoto mdogo wa magari yaliyochorwa miaka ya sitini. Kwa nyongeza hizo Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17 walikaa mwezini saa 75, Desemba 1972. Hakuna chombo cha Apollo kilichokaa zaidi. Schmitt alipatwa na mafua ya vumbi: chombo hakikuwa na chumba cha katikati cha kuvulia mavazi, kwa hiyo kila walipoingia waliingia na mwezi, unga mkali unaonuka kama baruti. Michoro ya nyumba ya Grumman, katika baadhi ya matoleo yake, ilikuwa na chumba hicho. Njiani kuelekea huko, tarehe 7 Desemba, Apollo 17 ilipiga ile picha maarufu ya Dunia nzima, na Afrika ndiyo imekaa katikati yake. Madagaska inaonekana, Rasi ya Arabuni inaonekana, na kati yake pwani yetu yote.

Mara moja tu chombo cha Bethpage kilifanya kazi ya makazi kwa ukamilifu, na haikuwa mwezini. Aprili 1970 tangi la oksijeni lilipasuka ndani ya Apollo 13, na wanaanga watatu wakakimbilia kwenye chombo chao cha kutua, Aquarius. Kilitengenezwa kwa ajili ya watu wawili na siku mbili. Kiliwaweka watatu karibu siku nne. Walipunguza umeme hadi joto likashuka karibu na nyuzi 3, wakanywa maji kwa kipimo kidogo, na hewa chafu ilipozidi wakatengeneza kichujio kwa mifuko ya plastiki, jalada la kitabu na utepe wa gundi. Waliokoka. Miaka miwili baadaye, Agosti 1972, jua lilirusha tufani ya mionzi miongoni mwa kali kuliko zote zilizopimwa. Apollo 16 ilikuwa imesharudi Aprili, Apollo 17 ilikuwa haijaondoka. Kama kungekuwa na watu mwezini ndani ya ukuta ule mwembamba, wangeugua vibaya. Hizo nusu mbili za bahati, moja ya chombo na moja ya kalenda, zinaeleza kwa nini Horizon ilitaka paa la udongo.

Baada ya hapo kimya kirefu. Mwaka 2007 NASA iliupa jina Altair mchoro wa chombo cha kutua cha watu wanne, ambacho kingeweza kuwahifadhi kwa siku 7, au kungoja hadi siku 210 kando ya kituo cha kudumu. Februari 2010 mradi wote ukafutwa kwenye bajeti ya Rais Obama. Altair nayo ikaingia kabatini.

Lakini fikra za ukuta zimeendelea kukua, na hapa Tongoni ina la kutufundisha. Makaburi yake yanapita 40, mengi yakiwa ya nguzo, na yanahesabiwa kuwa mkusanyiko mkubwa kuliko mwingine wa aina hiyo pwani yote ya Afrika Mashariki. Ukizikaribia nguzo unaona vishimo vya mviringo, kina cha kiganja, ambamo bakuli za kigeni zilipachikwa. Bakuli zilikuja kwa jahazi kutoka mbali, na nyingi zimeshang'olewa. Nguzo yenyewe haikuja kwa jahazi. Ni matumbawe yaliyokatwa hapo hapo, na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Waliojenga Mtangata waliagiza pambo, ukuta wakautoa chini ya miguu yao. Mwaka 2013 shirika la anga la Ulaya na wasanifu wa Foster + Partners walifikia jibu la namna hiyo kwa ajili ya mwezi: kiputo chepesi cha kujazwa hewa kibebwe kutoka duniani, kisha roboti wakijengee ganda la udongo wa mwezi uliogandishwa tabaka kwa tabaka. Walitengeneza bonge la mfano lenye uzito wa tani moja na nusu kwa mchanga unaofanana na ule wa mwezini.

Wengine wanatafuta nyumba iliyokwisha jengwa. Mwaka 2009 picha za chombo cha Kijapani Kaguya zilionyesha shimo kwenye eneo la Marius Hills, linaloaminika kuwa paa lililobomoka la pango la lava. Mapango ya lava si kama Amboni yetu, ambayo maji yaliyachonga katika mwamba wa chokaa. Yanatokea pale mto wa lava unapoganda juu huku chini ukiendelea kutiririka, ukauacha mfereji mtupu. Kenya wanayo kwenye mlima Suswa, katika Bonde la Ufa, na nyani huingia humo jioni kulala kwa sababu zile zile zinazowavutia wahandisi: paa nene, na joto lisilobadilika ovyo.

Sasa nchi nyingi zimo katika safari za mwezini. Rwanda ilitia saini Mapatano ya Artemis, yanayoongozwa na Marekani, Desemba 2022, siku moja na Nigeria, na zote mbili zikawa za kwanza kutoka Afrika. Italia ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ni jirani yetu wa siku nyingi katika mambo haya. Aprili 1967 Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya Kenya. Setilaiti ya mwisho iliruka mwaka 1988, lakini kituo kipo, kinafuatilia vyombo, na mwenye kukiendesha ni shirika la anga la Italia.

Shirika hilo hilo mwaka 2025 liliipa kampuni ya Thales Alenia Space, yenye karakana zake Turin, kazi ya kuanza kusanifu makazi ya mwezini kwa ajili ya mpango wa Artemis. Ni nyumba ya watu wawili, yenye uwezo wa kujisogeza, inayotarajiwa kurushwa miaka ya 2030. Watu wataishi humo wiki chache kwa mwaka. Miezi iliyobaki itakaa tupu, itavuka usiku mmoja wa baridi baada ya mwingine ikijiendesha yenyewe na kujibu maswali ya redio, ili wageni watakaofuata wajue kabla ya kuondoka duniani kama hewa iko tayari. Turin wameanza na michoro ya kuta na hesabu za uzito, pale pale walipoanzia wahandisi wa Bethpage miaka sitini iliyopita.